Oili ya giaboksi haikuua gari lako

Kila wiki naambiwa hivi: minivani ikivuka kilomita 150,000, oili ya giaboksi ya otomatiki isiguswe, ukiigusa giaboksi imekufa. Naomba tuliache hili. Oili hiyo ndiyo inayolainisha, inayopoza na inayobeba presha ya kubana klachi, zile sahani za ndani zinazoshika gia. Gari la watu saba na mizigo yao likipanda mlima, giaboksi inachemka, na joto ndilo linaloila oili hadi inakuwa nyeusi na kunuka kuungua.

Imani hii inatoka wapi? Mwenye gari anangoja mpaka gia zianze kuteleza, rpm (mizunguko ya injini) inapanda na gari halivuti, ndipo anakumbuka oili. Wakati huo klachi zimeshalika, na oili mpya hairudishi kilicholika. Giaboksi inakufa baada ya siku chache, lawama zote kwa oili.

Ukifungua plagi ya chini, kwa kawaida hutoka lita 3 hadi 4 kati ya 7 hadi 9. Iliyobaki iko kwenye torki konveta, kile chombo kinachounganisha injini na giaboksi kwa oili, na mabomba ya kupozea. Kwa hiyo mwaga, jaza, endesha kilomita mia kadhaa, rudia. Ukifanya mara 3, takriban robo tatu ya oili au zaidi ni mpya. Mashine ya kusukuma oili kwa presha siipeleki kwenye giaboksi iliyotelekezwa miaka mingi: inaweza kung'oa uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye vali bodi, yenye njia nyembamba zinazogawa oili.

Plagi ya kujazia ifunguliwe kwanza, jamani! Ukishamwaga ndipo ukute imeganda kwa kutu, gari halitoki hapo. Pima kilichotoka, rudisha kiasi hicho hicho, kisha angalia kimo cha oili gari likiwa mahali tambarare, injini inawaka, oili ina joto lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Tope la kijivu kwenye sumaku za sampu, yaani trei ya chini ya giaboksi, ni kawaida. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole si kawaida.

Toyota inayotaka oili aina ya WS ipewe WS, Chrysler inayotaka ATF+4 ipewe hiyo, na CVT (giaboksi ya mkanda, isiyo na gia za hatua) ipewe oili ya CVT. Nyingi kuwa nyekundu hakuzifanyi kuwa moja.

Gumu ni gari lililonunuliwa mkononi, kilomita 220,000, halina kumbukumbu za matengenezo, ila gia zinaingia vizuri. Mimi nabadilisha, kidogo kidogo, lakini simwahidi mwenyewe kitu, kwa sababu hali ya klachi haionekani bila kufungua giaboksi. Likiwa linateleza tayari, namwambia hela ya oili aiweke kwenye akiba ya giaboksi.

Ukianza na gari likiwa zima, badilisha kila kilomita 60,000. Likivuta tela au kushinda kwenye foleni, 40,000. Filta ya ndani ibadilishwe siku sampu inaposhushwa, pamoja na gasketi yake.