Gesi ya AC haiishi, inavuja

Joto la Dar likikolea, kuanzia Desemba mpaka Machi, simu yangu hailali. Nyingi zinaanza vilevile: "Fundi, AC yangu imeisha gesi, njoo unijazie." Kabla sijabeba begi la vifaa naomba tukubaliane jambo moja. Gesi ya AC si petroli, mashine haiichomi wala haiili. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa kila upande, ikigeuka mvuke chumbani na kimiminika nje, na katika kugeuka huko inabeba joto la ndani kwenda kulitupa barazani. AC iliyofungwa vizuri inaweza kuzeeka na gesi ileile iliyotoka nayo kiwandani. Ikipungua, kuna mahali inatokea. Anayekujazia bila kupatafuta mahali hapo amekuuzia baridi ya muda, na ndiyo maana anarudi kila mwaka.

Lakini si kila AC isiyopoza imepungukiwa gesi. Chujio lililojaa vumbi, kapasita (kifaa kidogo cha umeme kinachosaidia mota kuwaka) iliyochoka, koili ya nje (mabomba yaliyokunjwa ambamo gesi hupita ikitoa joto) iliyozibwa na uchafu, vyote vinaleta lawama zilezile. Kwenye AC za ukutani tunazotumia majumbani kuna mabomba mawili ya shaba, jembamba na nene. Washa mashine, subiri kama robo saa, kisha yatazame pale yanapoingia kwenye mashine ya nje. Barafu ikijitokeza kwenye bomba jembamba huku nene likiwa vuguvugu, hapo gesi ndiyo mshukiwa. Barafu ikivaa bomba nene, anza na chujio na feni ya ndani. Mara nyingi kuosha tu kunatosha, na mtungi wa gesi hautoki kwenye gari.

Kuna hila moja ya geji, yaani kipimo cha mgandamizo wa gesi, naomba muifahamu. Fundi anafunga geji mashine ikiwa imezimwa, anakuonyesha psi 260 (psi ni kizio cha mgandamizo) na kusema, "Gesi imejaa, bosi." Kwa gesi ya aina ya R410A kwenye joto la nyuzi 30, utasoma karibu namba hiyohiyo kiwe kilo nzima au theluthi yake, ilimradi bado kuna kimiminika ndani. Mgandamizo huo unafuata joto, haufuati wingi. Wingi unajulikana kwa mzani.

Sasa, inavujia wapi? Mimi naanza na nati zinazounganisha mabomba na mashine. Fundi mwenye haraka anakata bomba kwa msumeno wa chuma, anapanua mdomo wake ukiwa na makwaruzo, kisha anakaza nati mpaka anaguna. Shaba ni laini. Ukiiminya kupita kiasi inakondea shingoni, na mtetemo wa kompresa, pampu inayosukuma gesi, unamalizia kazi kwa kuipasua. Nati ya bomba la robo inchi haihitaji kukazwa zaidi ya Nm 18 (Nm ni kizio cha nguvu ya kukaza) au karibu na hapo, na kuna spana maalumu ya kupima hilo. Baada ya nati naangalia valvu ndogo ya kufungia geji, ambayo ina kiini cha aina ileile ya tairi la gari. Kifuniko chake kikipotea, ipo siku itapitisha. Na kwa walio karibu na bahari, Msasani, Kigamboni au Mombasa, chumvi ya hewani inakula koili taratibu hadi inatoboka mahali usipopaona kwa macho.

Hata hivyo uvujaji huacha alama. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, hivyo penye tundu hutoka unyevu wa mafuta na vumbi linaganda juu yake. Ukiona nati moja nyeusi na yenye utelezi huku wenzake wakiwa wakavu, umepata. Napaka povu zito la sabuni ya vyombo kwa brashi, halafu natulia. Uvujaji mkubwa unatoa mapovu papo hapo. Ule mdogo unataka subira: baada ya dakika chache kinaota kijirundo cheupe cha mapovu madogo madogo, na ukikifuta kinaota tena palepale.

Pasipoonekana kitu, gesi iliyobaki inavunwa kwenye mtungi wake, kisha mfumo unajazwa naitrojeni, isizidi kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mashine, na kuachwa hadi kesho yake tuone kama mgandamizo utashuka. Naitrojeni tu. Oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya mgandamizo inalipuka, na mafundi wamekufa hivyo. Kuchomelea nako ni baada ya gesi kutoka yote, hasa gesi ya aina ya R32, ambayo inashika moto.

Baada ya kuziba, mfumo unavutwa vakyumu, yaani hewa na unyevu vinanyonywa kwa pampu, na hapa ndipo njia za mkato zinapochipuka. Wapo wanaotumia kompresa ya friji kuukuu badala ya pampu. Haifiki kwenye maikroni 500 tunazotaka (kipimo cha vakyumu, kadiri namba inavyopungua ndivyo hewa iliyobaki inavyopungua), na unyevu unabaki ndani. Mafuta ya mashine za R410A na R32 hunywa maji haraka, yakageuka asidi, na asidi ikala waya za mota. Mteja anakuja kusikia tu kwamba kompresa imekufa.

Gesi inaingizwa kwa mzani, gramu zilizoandikwa ubavuni mwa mashine. R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili nusu kwa nusu, kwa hiyo itoke mtungini ikiwa kimiminika, ili uwiano wake usibadilike. Usikubali kuchanganyiwa aina, na anayetaka kukutilia gesi ya kupikia mfukuze. Wala isiachiwe hewani: kilo moja ya R410A inapasha dunia joto sawa na takriban tani mbili za kaboni dayoksaidi. Ndiyo sababu mwaka 2016 mataifa yalikubaliana pale Kigali kupunguza gesi za kundi hili.

Kama tundu liko kwenye koili ya ndani iliyoliwa na chumvi, mimi sizibi, kwa sababu wiki chache baadaye litafunguka jirani yake. Uliza bei ya koili mpya kwanza. Na mashine ikiwa ni ya R22, gesi inayoondolewa sokoni duniani kote, hela hiyo ielekeze kwenye mashine nyingine.