"Amenipikia": ile "for me" imejificha wapi?

Mwambie mwanafunzi wa kidato cha pili aitafsiri kwa Kiingereza sentensi hii: "Mama amenipikia ugali." Wengi huanza vizuri, "Mother has cooked ugali", kisha hukwama, kwa sababu kinachotakiwa kufuata hakionekani kama neno katika sentensi ya Kiswahili. Kiingereza kinataka "for me". Sisi maneno hayo mawili tumeyafungia ndani ya kitenzi. Likate neno vipande: a-me-ni-pik-i-a. Ile "ni" ndiyo "me", na ile "i" iliyojipenyeza baada ya "pik" ndiyo inayofanya kazi ya "for". (Mwingereza anaweza pia kusema "cooked me ugali", ila njia hiyo hukubali vitenzi vichache tu, kwa hiyo si pa kuanzia.)

"For me" ndiyo sura ya kawaida ya kiwakilishi kilichoingia katika kirai kihusishi. Kirai hicho ni kifungu kidogo cha maneno kinachoongozwa na kihusishi kama "for", "to", "with", "of", "behind" au "between", na nyuma yake hufuata jina la mtu, kitu, au kiwakilishi. Jina halibadiliki: "Juma has come", "I came with Juma". Kiwakilishi ndicho hubadili nguo. "I" huwa "me", "he" huwa "him", "she" huwa "her", "we" huwa "us", "they" huwa "them". "You" na "it" hubaki vilevile. Ni masalia ya zamani. Kiingereza cha kabla ya uvamizi wa Wanormani wa 1066 kilibadilisha hata miisho ya majina kufuatana na kazi yake katika sentensi. Baadaye majina yaliacha desturi hiyo, viwakilishi vikaing'ang'ania.

Sasa, kujua kwamba "I" hugeuka "me" si kazi ngumu. Ugumu wetu uko kwenye kihusishi chenyewe. Tazama vitenzi hivi: amenisubiri, amenisikiliza, amenicheka, amenitazama. Vyote vina "ni" na hakuna hata kimoja kinachotudai kihusishi. Kiingereza kinakidai kila mara, tena tofauti: "waited for me", "listened to me", "laughed at me", "looked at me". Ndiyo maana tunasikia "he laughed me" na "she waited me". Anayesema hivyo hajakosa akili. Ametafsiri kwa uaminifu alichokisikia kichwani, na kichwani hapakuwa na "at" wala "for". Kinyume chake, "aliniambia" ni "he told me", bila "to", lakini "alinieleza jambo" ni "he explained something to me". Hapo hakuna kanuni ya kukuokoa. Kila kitenzi kijifunze pamoja na kihusishi chake, kama unavyojifunza ngeli ya jina.

Jozi moja huwa napenda kuitumia kuonyesha jinsi mambo yalivyo: amenikimbia na amenikimbilia. Tofauti ni "li" tu, ambayo ni alama ya kauli ya kutendea. Kwa Kiingereza, ya kwanza ni "he ran away from me" na ya pili ni "he ran to me". Mmoja kakutoroka, mwingine anakuja kukukumbatia au kukuomba msaada. Kazi tunayoifanya kwa silabi moja, wao wanaifanya kwa kubadilisha kihusishi mbele ya "me" ileile.

Mtego mwingine unatoka upande wa pili, pale ambapo nasi tuna neno linalofanana na kihusishi. Tunasema mbele yangu, nyuma yake, juu yetu, baada yao, kwa ajili yako. Hata "kwa" tukiiunganisha na mtu inakuwa kwangu, si "kwa mimi". Yaani Kiswahili hapa hutumia kimilikishi, kana kwamba "mbele" ni kitu ninachokimiliki. Mwanafunzi akiandika "in front of my" au "behind their", ameuhamisha umiliki huo. Kiingereza kinataka "in front of me", "behind them". Anayeandika "behind her" hupata alama, lakini kwa bahati: "her" inafanya kazi zote mbili.

Tusijione wanyonge sana, kwani wenye lugha nao huteleza. Wengi wao husema "between you and I". Wakiwa watoto walikemewa kwa kusema "me and John went", wakafundishwa "John and I", basi wakaona "I" ndiyo adabu kila mahali. Lakini kosa lina umri. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969, Antonio anaandika katika barua kwamba madeni yote yamefutwa "between you and I". Mwalimu hakuwa na cha kuhangaikia hapo, kwani "mimi" yetu haibadiliki. Wewe kwenye mtihani andika "between you and me". Ukiwa na shaka, weka wingi: hakuna asemaye "between we", ni "between us".

Kuna mahali ambapo kimilikishi kinaruhusiwa baada ya kihusishi, na hapo Kiingereza kimetuzidi ujanja. "Picha yangu" kwa Kiswahili ni ipi, ile ninayoonekana mimi au ile niliyoinunua? Lugha yetu inakuachia ubashiri. "My picture" nayo ni hivyohivyo. Lakini "a picture of me" ni ile yenye sura yangu, na "a picture of mine" ni mali yangu, hata kama ndani yake kuna mbuzi tu. Kwa njia hiyohiyo "rafiki yangu mmoja" ni "a friend of mine", wala si "a friend of me".

Kiwakilishi pia ni kipimo kizuri cha kutambua kihusishi cha kweli. Unaweza kusema "look at the radio" na "turn off the radio", ukadhani "at" na "off" ni ndugu. Weka "it" mahali pa redio. Utapata "look at it", lakini "turn off it" hakuna. Ni "turn it off". "Off" hapo ni kipande cha kitenzi kilichovaa sura ya kihusishi, na kiwakilishi kinakataa kukaa nyuma yake.

Bado kiwakilishi kinaweza kutangulia, kirai kikakifuata: "each of us", "one of them". Hapo kitenzi humtazama wa mbele: "each of us has a book", "one of them is sick", kama sisi tusemavyo "mmoja wao anaumwa". Na usidharau kale ka "the". "The three of us are coming" ni sisi sote watatu tunakuja. "Three of us are coming" ni watatu kati yetu, na kundi lina wengine. Mwenyeji anayepima unga wa ugali atapika kiasi kilekile, ila kwa sentensi ya pili ana haki ya kuuliza hao waliobaki wamechukia nini.