Nani anamlipa askari wa amani Somalia?

Kila kambi ya Umoja wa Afrika inaposhambuliwa Somalia, mjadala hukimbilia silaha na ujasiri. Ilikuwa hivyo El Adde Januari 2016, ikawa hivyo tena Bulo Marer Mei 2023, ambako Rais Museveni alitangaza kuwa wanajeshi 54 wa Uganda waliuawa. Mimi hushughulika na bajeti za operesheni za amani, na swali ninalouliza kwanza ni jingine: kikosi kile kilikuwa na uhakika wa fedha wa miezi mingapi?

AMISOM, operesheni ya Umoja wa Afrika nchini Somalia, iliundwa Januari 2007, Baraza la Usalama likaibariki mwezi uliofuata kwa azimio namba 1744, na Waganda wakatua Mogadishu Machi. Ruhusa ya kwanza ilikuwa ya miezi sita tu. Warundi walifuata mwishoni mwa mwaka, na kwa muda mrefu nchi hizo mbili peke yake ndizo zilizoshikilia uwanja wa ndege, bandari, ikulu ya Villa Somalia na makutano ya K4, huku Al-Shabaab wakiwa mitaa michache kutoka hapo. Kuondoka kwa Al-Shabaab Mogadishu Agosti 2011 kulitokana kwa sehemu kubwa na damu ya askari hao.

Fedha za kazi hiyo hazijawahi kutoka mfuko mmoja. Chakula, maji, mafuta, mahema na usafiri wa majeruhi hugharamiwa na Umoja wa Mataifa, kutokana na michango ambayo kila nchi mwanachama hulazimika kuilipa. Ofisi inayofanya kazi hiyo ilianzishwa 2009 na sasa inaitwa UNSOS. Mizigo yake mingi hupitia kituo chake cha Mombasa. Mafunzo ya jeshi la Somalia yana wafadhili wao: Marekani kwa kikosi cha Danab, Uturuki kwa Gorgor. Posho ya askari wa Umoja wa Afrika, kwa miaka mingi, ilitoka Umoja wa Ulaya, na huo ni mchango wa hiari. Anayetoa kwa hiari anaweza kupunguza, kuchelewesha au kusitisha.

Kiwango cha posho hiyo kilikuwa dola 1,028 kwa askari kwa mwezi, na kwa kawaida serikali yake ilibakiza takriban dola 200. Mwanzoni mwa 2016 Ulaya ikapunguza mchango wake kwa asilimia 20. Wakati huohuo Umoja wa Mataifa ulikuwa ukizirejeshea serikali zaidi ya dola 1,300 kwa kila askari aliye chini ya bendera yake. Chukua askari wawili wa Burundi, mmoja akiwa Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, chini ya Umoja wa Mataifa, mwingine Somalia chini ya Umoja wa Afrika. Wametoka jeshi moja, pengine hata kikosi kimoja, na yule wa Somalia ndiye aliyepelekwa kupigana vita. Sijapata kusikia hoja inayohalalisha thamani yake kuwa ndogo zaidi.

Hao hao Warundi walionja ubaya mwingine wa mfumo huu. Baada ya mgogoro wa kisiasa wa 2015, Ulaya ilikataa kupitisha fedha za posho mikononi mwa serikali ya Bujumbura. Askari waliokuwa kwenye mahandaki wakakaa miezi bila malipo, nchi yao ikatishia kuwaondoa, na ilipofika Januari 2017 ndipo pande zote zilipokubaliana kwamba fedha zipitie benki ya biashara. Ugomvi wa wakubwa, na familia zilizokosa ada za shule wala hazikuhusika nao.

Dawa yake imekwishaandikwa. Desemba 2023 Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2719, linaloruhusu hadi asilimia 75 ya bajeti ya operesheni inayoongozwa na Umoja wa Afrika kulipwa kutoka michango ya lazima ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Somalia ilitarajiwa kuwa ya kwanza. AMISOM ilikuwa imeshageuka ATMIS Aprili 2022, na AUSSOM ikachukua nafasi Januari 2025 ikiwa na askari na polisi wasiozidi 12,626. Lakini azimio lililoiidhinisha AUSSOM lilipita kwa kura 14, Marekani ikijizuia kwa kuwa haikutaka utaratibu huo mpya uanzie Somalia. Uamuzi ulisogezwa hadi Mei 2025, na Mei ikapita hivihivi. Mwezi mmoja kabla, Al-Shabaab walikuwa wameuteka mji wa Adan Yabaal, ambao jeshi la Somalia na wanamgambo wa koo waliukomboa 2022.

Kuukomboa mji ni kazi ya wiki. Kuushikilia kunataka polisi wanaolipwa, hakimu anayekaa hapo, na kikosi kisichofungasha kwa sababu mwaka wa fedha wa Brussels umekwisha.

Lawama haziishii New York. Kigali, Julai 2016, viongozi wa Afrika walikubaliana kutoza asilimia 0.2 kwenye bidhaa zinazoingizwa kutoka nje ya bara ili Umoja wa Afrika ujitegemee, na nchi nyingi bado hazijatekeleza. Sehemu isiyogharamiwa na azimio 2719 nayo inahitaji kutafutwa, na mwanadiplomasia wetu anayeomba kura ya Marekani ana neno zito zaidi ikiwa nchi yake imeshaanza kukata ile 0.2 bandarini kwake.