Kamati ya Bunge la Uingereza Inayoihoji Wizara ya Biashara: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Klipu za mabosi wa kampuni kubwa wakibanwa na wabunge jijini London husambaa hadi kwenye makundi yetu ya WhatsApp, na chini yake maoni huwa ya namna mbili. Wapo wanaosema "wenzetu wana Bunge kweli kweli", na wapo wanaosema "maigizo tu, kesho bosi yuko ofisini kwake". Pande zote mbili zinaielewa vibaya Kamati ya Biashara ya Bunge la Uingereza, na kutoielewa kunatugharimu. Wizara inayohojiwa na kamati hiyo ndiyo inayosimamia mkataba wa biashara kati ya Uingereza na Kenya. Ndiyo pia inayoendesha utaratibu ulioanza Juni 2023 unaoruhusu bidhaa za nchi maskini zaidi, zikiwemo Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, kuingia Uingereza bila ushuru. Mkulima wa parachichi Njombe na mfanyakazi wa shamba la maua Naivasha wote wamo.

Wizara yenyewe ni changa. Rishi Sunak, Waziri Mkuu wa wakati huo, aliiunda Februari 7, 2023 kwa kuunganisha iliyokuwa Wizara ya Biashara ya Kimataifa na sehemu ya wizara nyingine iliyoshughulikia biashara na viwanda, na waziri wake wa kwanza akawa Kemi Badenoch. Kamati inayoifuatilia ina wajumbe 11, wabunge wa kawaida wasio na nafasi serikalini.

Dhana: Kamati inaweza kumng'oa waziri au kumfunga mkurugenzi

Mtanzania anayekumbuka Februari 2008, ripoti ya kamati ya Bunge kuhusu Richmond iliposomwa Dodoma na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, hutarajia kamati ya London nayo iangushe vigogo. Haina uwezo huo. Haimfukuzi mtu kazi, haimtozi faini wala haimpeleki mtu rumande. Bunge la Uingereza lilitoza faini mara ya mwisho mwaka 1666, na mtu asiye mbunge hajawekwa kizuizini kwa amri yake tangu 1880. Kwa maandishi, kamati ya Bunge la Kenya ina meno makali zaidi, kwani Ibara ya 125 ya Katiba ya 2010 inaipa mamlaka sawa na ya Mahakama Kuu katika kuita mashahidi na kuwalazimisha kuleta nyaraka.

Mabosi huja kwa sababu kutokuja kunawaharibia zaidi. Mwaka 2016 kamati iliyotangulia hii ilimwita Mike Ashley, mwenye maduka ya bidhaa za michezo ya Sports Direct, aeleze hali ya ghala lake la Shirebrook. Alikataa kwanza. Kamati ikashikilia wito wake, na Juni 7 akafika. Mle ndani hakuulizwa falsafa ya biashara. Aliulizwa kuhusu dakika: wafanyakazi waliomaliza zamu walipanga foleni kupekuliwa, na muda huo haukulipwa, aliyechelewa dakika 1 alikatwa ujira wa dakika 15. Ukijumlisha, malipo ya saa yalishuka chini ya kima cha chini cha sheria. Ashley alikiri. Miezi michache baadaye wafanyakazi walianza kulipwa malimbikizo yaliyokadiriwa kufika pauni milioni 1. Hakuna mbunge aliyetoa amri ya malipo hayo. Ila jambo lililokwisha kukiriwa hadharani, na kuingia kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge, ni vigumu kulikana mbele ya mamlaka ya kodi.

Dhana: Shahidi akikwepa maswali, kamati imeshindwa

Januari 7, 2025 mwanasheria mkuu wa Shein kwa Ulaya aliketi mbele ya kamati. Kampuni hiyo ya nguo za bei rahisi ilikuwa ikitafuta kuorodhesha hisa zake kwenye soko la London. Swali lilikuwa jepesi: je, nguo mnazouza Uingereza zina pamba kutoka China? Wabunge walikuwa wakifikiria Xinjiang, eneo la China ambako kuna madai mazito ya kazi za kulazimishwa. Hakujibu. Likaulizwa tena kwa maneno mengine, akasema angejibu kwa maandishi baadaye. Mwenyekiti, Liam Byrne, alimwambia kwamba kamati karibu haikuwa na imani yoyote na usafi wa mnyororo wao wa ugavi. Akaongeza kwamba kule kukwepa maswali ya msingi kulikaribia kuwa dharau kwa kamati.

Nani alishindwa hapo? Mwekezaji aliyetaka kununua hisa alikuwa amekwisha kuona kampuni ikigugumia kwenye swali ambalo mfanyabiashara yeyote wa nguo pale Kariakoo angelijibu papo hapo: bidhaa yako inatoka wapi. Kimya kilicholetwa hadharani ni ushahidi pia.

Dhana: Ni chombo cha chama tawala, au cha wapinzani

Nimesikia yote mawili, hutegemea nani yuko madarakani. Kamati za namna hii zilianzishwa 1979, na kwa miaka mingi wanadhimu wa vyama ndio waliokuwa wakipanga nani awemo. Mageuzi ya 2010 yaliwanyang'anya nafasi hiyo. Vyama hugawana uenyekiti wa kamati kwa kadiri ya viti vyao, kisha mwenyekiti wa kila kamati huchaguliwa na Bunge zima kwa kura ya siri. Wajumbe huchaguliwa ndani ya vyama vyao. Waziri Mkuu hapangi.

Kwa hiyo Byrne, wa chama cha Labour, alichaguliwa mwenyekiti mwaka 2023 wakati Conservative wakiwa serikalini, akamhoji Badenoch. Labour wakashinda uchaguzi wa Julai 2024, naye akachaguliwa tena. Siku ya mwaka mpya 2025 kamati yake ikatoa ripoti kali kuhusu ucheleweshaji wa fidia kwa mawakala wa posta (kisa chao kinakuja hapa chini), safari hii ikiilenga serikali ya chama chake mwenyewe. 

Dhana: Mkataba wa biashara hauwi halali mpaka wabunge wa Uingereza waupigie kura

Hapa ndipo wengi wetu huduwaa. Chini ya sheria ya mwaka 2010, serikali ya Uingereza huwasilisha mkataba bungeni na kusubiri siku 21 za vikao. Wabunge wasipopitisha azimio la kuupinga, serikali inauridhia. Hakuna kura ya lazima, na mjadala wenyewe hutegemea serikali kutoa nafasi kwenye ratiba, kwani ndiyo inayopanga sehemu kubwa ya shughuli za Bunge.

Mfano ulio karibu nasi ni mkataba uliotiwa saini London Desemba 8, 2020 kati ya Kenya na Uingereza, ili chai, maua na mboga za Kenya ziendelee kuingia bila ushuru baada ya Uingereza kutoka kwenye soko la Ulaya. Kenya ina sheria ya mwaka 2012 inayotaka mkataba wa namna hiyo ujadiliwe na kuidhinishwa na Bunge la Taifa, na ndivyo ilivyofanyika Machi 2021, baada ya malalamiko ya wazi kwamba muda ulikuwa mfupi na majirani wa Afrika Mashariki hawamo. Huko Westminster, yaani kwenye Bunge la Uingereza, haikuhitajika kura ya kuuidhinisha. Anayesema sisi ndio tunaopitisha mikataba gizani, na wao ndio wenye uwazi, angalau kwa mkataba huu amekosea.

Udhaifu huo uliwauma Waingereza wenyewe mwaka 2022, kwenye mkataba wao na Australia. Wakati huo kulikuwa na kamati maalumu ya biashara ya kimataifa. Iliomba waziri aje ahojiwe mapema, iliomba muda uongezwe, iliomba mjadala ufanyike bungeni kabla siku 21 hazijakwisha. Waziri, Anne-Marie Trevelyan, hakutokea siku aliyotarajiwa kwanza, muda haukuongezwa, siku zikaisha bila mjadala uliotakiwa. Novemba mwaka huohuo George Eustice, aliyekuwa waziri wa kilimo na mazingira wakati mkataba unajadiliwa, alisimama bungeni akasema mkataba ule kwa kweli haukuwa mzuri sana kwa Uingereza. Kamati ingeweza kulipata neno hilo mapema, wakati bado lingesaidia.

Mwaka uliofuata wizara mbili zilipounganishwa, kamati ile ya biashara ya kimataifa ikafutwa. Kazi yake yote imeangukia kwa watu walewale 11 wanaofuatilia pia ajira, viwanda, posta na leseni za kuuza silaha nje ya nchi. Naona hilo lilikuwa kosa. Mkataba wa kurasa elfu moja haukaguliwi na mtu mwenye nusu saa.

Dhana: Ripoti ya kamati ni amri kwa serikali

Na mwenzake: ripoti ya kamati huishia kabatini. Kisa cha Post Office, shirika la ofisi za posta la Uingereza, kinazijibu zote mbili, na inafaa kukifuata taratibu.

Kati ya 1999 na 2015 mamia ya mawakala wa posta nchini Uingereza walishtakiwa kwa wizi na udanganyifu kwa sababu mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu, ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Waliotiwa hatiani ni zaidi ya 900. Wapo waliofungwa, waliouza nyumba zao, waliojiua. Shirika ni mali ya serikali, na wizara ya biashara ndiyo msimamizi wake.

Februari 3, 2015 kamati ya biashara ya wakati huo ilifanya kikao kuhusu jambo hilo. Alan Bates, wakala aliyeongoza wenzake kudai haki, alikuwepo. Wachunguzi wa kujitegemea walikuwepo, wakaeleza kwamba walinyimwa nyaraka walizohitaji. Paula Vennells, mkurugenzi mkuu wa shirika, alikuwepo, akasema hawajaona ushahidi wowote kwamba kuna mtu aliyehukumiwa kimakosa. Yaani kila kitu kilikuwa mezani siku moja, katika chumba kimoja. Mwishoni mwa Machi Bunge likavunjwa kwa ajili ya uchaguzi, jambo likalala. Hapa ndipo ninapokasirika nikisoma kumbukumbu za kikao hicho. Maswali mazuri yaliulizwa, yakakosa wa kuyarudia.

Waliolifufua ni mawakala wenyewe, waliokwenda Mahakama Kuu wakashinda Desemba 2019. Kamati ilirudi kazini 2020, ikatoa ripoti ya awali kuhusu fidia mwanzoni mwa 2022. Serikali haikubanwa na sheria yoyote kuitekeleza. Desturi inaitaka ijibu tu, ndani ya miezi miwili. Kisha Januari 2024 tamthilia ya televisheni ya ITV ikawasha hasira ya taifa zima, na tofauti ya safari hii na ya 2015 ni kwamba kamati ilikuwa tayari. Januari 16 iliwaweka kiti moto wakuu wa Post Office na wa Fujitsu. Paul Patterson wa Fujitsu aliomba radhi na kukubali kwamba kampuni yake ina wajibu wa kimaadili wa kuchangia fidia. Mei 24, 2024 sheria ya kufuta hukumu zile kwa mkupuo ikasainiwa. Ni hatua nzito, Bunge kufuta hukumu za mahakama.

Hata hivyo, wajibu wa kimaadili si hundi. Mwaka mmodi baadaye Fujitsu ilikuwa haijatoa hata senti ya mchango huo. Ndiyo maana ile ripoti ya Januari 2025 ilikuwa na makali: ilitaka Post Office iondolewe kabisa kwenye kazi ya kugawa fidia, na ziwekwe tarehe za mwisho zenye adhabu.

Dhana: Aliyekiri bungeni hushtakiwa

Hapana. Machi 2022 P&O Ferries, kampuni ya feri ya Uingereza, iliwaachisha kazi mabaharia karibu 800 bila taarifa. Mmiliki wake ni DP World ya Dubai, kampuni ileile iliyosaini mkataba wa kuendesha sehemu ya Bandari ya Dar es Salaam Oktoba 2023. Wiki moja baada ya tukio, mkurugenzi wa kampuni hiyo ya feri, Peter Hebblethwaite, aliwaambia wabunge wa kamati mbili zilizoketi pamoja kwamba walijua sheria inawataka wazungumze kwanza na vyama vya wafanyakazi, na waliamua kutofanya hivyo. Hakuna kesi ya jinai iliyofunguliwa. Mei 2024 aliitwa tena. Aliulizwa kama yeye angeweza kuishi kwa pauni 4.87 kwa saa, kiwango walichokuwa wakilipwa baadhi ya mabaharia wa kampuni hiyo. Akasema hangeweza.

Dhana: Watu wa nje hatuna nafasi

Ipo. Kamati ikianzisha uchunguzi hutangaza maswali yake kwenye tovuti ya Bunge na kukaribisha maoni ya maandishi kutoka kwa yeyote, awe Mwingereza au la. Vyama vya wasafirishaji wa maua, wakulima wa chai, wafanyabiashara wa Kitanzania walioko London, wote wanaweza kuandika. Maoni yawe mafupi, yajibu maswali yaliyoulizwa, na yasiwe yamechapishwa kwingine. Vikao vyenyewe huonyeshwa mubashara bure.

La kuzingatia ni kinga. Ushahidi ambao kamati imeupokea hulindwa na haki za Bunge, kwa hiyo aliyeutoa hawezi kushtakiwa kwa kashfa katika mahakama za Uingereza. Kinga hiyo haivuki mpaka. Anayeandika akiwa Nairobi au Dar es Salaam kuhusu mwajiri wake bado yuko chini ya sheria za nchi yake, na kabla ya kutuma anaweza kuiomba kamati isichapishe jina lake.