Taqrib maana yake nini? Ni mzizi uleule wa "karibu"

Kuna mzee mmoja mtaani kwetu huku Ilala alifariki, tukaenda kumzika. Marehemu alikuwa Shia, sisi majirani wengi ni Shafii wa kawaida tu, wa maulidi na khitma. Tukapanga safu, imamu akaleta takbira ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, mimi huyo nishageuza shingo kulia natoa salamu, nasikia "Allahu Akbar" nyingine. Ya tano! Jamaa wa pembeni yangu nae kageuka kama mimi, tukatazamana uso kwa uso kisha tukarudi mbele taratibu kama watoto wa madrasa waliofumwa wanapiga stori. Na salamu yenyewe niliyokuwa naisubiri wala haikuja, kwao ikipigwa ya tano ndo imeisha hiyo, watu wanabeba jeneza.

Tukiwa kwenye daladala tunarudi nikamuuliza ustaadhi wetu, akacheka kwanza, halafu akaniambia usishangae sana, kwenye Sahih Muslim yetu hiihii ya Kisunni ipo hadithi ya Zayd bin Arqam alileta takbira tano kwenye jeneza, alipoulizwa akasema Mtume alikuwa akifanya hivyo. Wanazuoni wa Kisunni walio wengi wakashika nne, wenzetu wakashika tano. Ndo akanipa hilo neno, taqrib.

Ni Kiarabu, limetoka kwenye mzizi uleule tuliopatia karibu, akraba na takriban. Taqrib ni kukisogeza kitu kiwe karibu. Likitajwa kwa urefu huwa ni taqrib baina ya madhehebu, na hapa nataka ushike vizuri: ni kusogeza, sio kuchanganya. Ukimwambia jirani "karibu" hujamwambia ahamie kwako wala abadilishe anavyopika kwake, anaingia, anavua viatu, anakaa mkekani, anakunywa chai, anaondoka yuleyule aliyekuja, ila sasa anajua choo chenu kiko wapi na mtoto wenu wa mwisho anaitwa nani.

Kama harakati, ilipata jengo na jina Cairo mwaka 1947 ilipoanzishwa Dar al-Taqrib, masheikh wa Kisunni na wa Kishia wanakaa pamoja. Mwaka 1959 Mahmud Shaltut, Sheikh wa al-Azhar, chuo kikubwa cha Kisunni cha hukohuko Cairo, akatoa fatwa kwamba inafaa kufanya ibada kwa madhehebu ya Jaafari, yale ya Mashia Ithnaasheri. Halafu kuna Ujumbe wa Amman, tamko lililotolewa Jordan 2004, ambao uliishia kutambua madhehebu nane, manne ya Kisunni tunayoyajua, Jaafari, Zaidi, Ibadhi na Dhahiri, na kukataza kumkufurisha anayefuata mojawapo.

Hayo ni ya wakubwa. Kwetu Dar mambo yako jirani mno, mjini kati hapo unatembea kwa miguu tu ushapita msikiti wa Kisunni, wa Khoja Ithnaasheri na wa Bohora (hawa wawili ni Mashia), na kila mmoja unamwona mwenzake tangu enzi za mababu bila kujua ndani kuna nini. Ila mimi naona umbali mgumu zaidi hauko huko kwa Mashia, uko baina yetu wenyewe Masunni. Huyu anamwita mwenzake mla ubwabwa kwa sababu ya maulidi, yule anajibu suruali fupi kwa kuwa mwenzake anakata suruali juu ya kifundo, misikiti miwili mtaa mmoja spika zinatazamana. Alfajiri huku wanasoma kunuti, ile dua ya ndani ya sala, kule hawasomi. Na masheikh husimulia kwamba Imamu Shafii mwenyewe aliposali alfajiri Baghdad karibu na kaburi la Abu Hanifa, imamu ambaye yeye hakuwa akiisoma, aliiacha kunuti, kwa adabu tu ya kumheshimu mwenye kaburi. Shafii huyohuyo tunaegombania jina lake!

Kinachoua taqrib ni uvuvi. Yaani unamkaribisha mtu futari, kumbe nia umvute, tende ya pili hajamaliza ushamletea vitabu. Hii wanalalamikia pande zote na wana haki, mtu akishahisi ndoano haji tena, hata msibani atasimama nje getini.

Idi ndo mtihani wenyewe. Nyumba moja wapangaji wawili, mmoja kafuata mwezi wa Saudia anakula, mwingine anasubiri mwandamo wa hapa amefunga. Kwetu mwaka mmoja ilikuwa hivyo, mama wa chumba cha pili akapika pilau lake, akafunika sahani yetu, akaja kugonga magharibi baada ya adhana. Kesho yake sisi tukampelekea ya kwetu, nae akala tena Idi.