Kongwa ina watu wangapi? Kabla hujafowadi hiyo namba soma hapa kwanza

Tangu majedwali ya Sensa ya 2022 yaanze kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp swali tunaloulizwa sisi wa ofisi ya takwimu ni lile lile, kwamba mji wetu mdogo wa Kongwa, mkoani Dodoma, mnatuandikia watu 443,867, hao watu wote wanalala wapi? Hawalali mjini jamani. Hiyo ni wilaya nzima, vijiji vyote pamoja na Kibaigwa na soko lake la mahindi. Kongwa mjini ni mamlaka ya mji mdogo iliyo ndani ya halmashauri ya wilaya na chini yake kuna vitongoji, sio mitaa kama ya manispaa, kwa hiyo ukitaka idadi ya mji usishike jedwali la wilaya, tafuta la kata. Na hata kata usiichukue kichwa kichwa maana inaweza kuwa na sehemu ya mjini na sehemu ya shamba humo humo.

Halafu kuna hesabu ya ukuaji. 2012 wilaya ilikuwa na watu 309,973, limeongezeka kundi la watu 133,894, yaani asilimia 43 kwa miaka kumi. Mtu anagawa kwa kumi anapata 4.3 anaandika "Kongwa inakua kwa asilimia 4.3 kwa mwaka". Sio hivyo. Walioongezeka mwaka wa kwanza nao wanazaa na kuleta wengine, kwa hiyo kasi yenyewe ni kama asilimia 3.6 kwa mwaka. Bado ni kubwa, kwa mwendo huo watu wanakuwa mara mbili ndani ya miaka 19 au 20 hivi. Taifa zima lilikua kwa 3.2.

Ila kukua sio kuzaa tu, na sijui kwa nini hili linakuwa gumu wakati Kongwa yenyewe ndo mfano mzuri kuliko yote. 1947 Waingereza walileta pale mradi wa karanga, vita vimeisha, kwao mafuta ya kula ni shida, wakaamua kufyeka pori la Ugogo kwa matrekta, mengine yametengenezwa kutoka vifaru vya vita, na tawi la reli likachepushwa kutoka Msagali mpaka Kongwa. Vibarua wakamiminika kutoka pande zote. Sensa ya 1948 ikawakuta humo humo katikati ya vurugu hizo. Sasa udongo wa pale kiangazi unakauka kama sakafu ya saruji na mvua za Ugogo hazina ahadi, jambo ambalo mzee yeyote wa pale angewaambia bure kama wangemuuliza. Januari 1951 mradi ukafutwa, zaidi ya pauni milioni 35 zimeteketea, wageni wakaondoka, tawi la reli baadaye likang'olewa. Ardhi ikabaki kuwa ranchi. Kwa hiyo ukilinganisha sensa ya 1948 na ya 1957 usishangae namba zikionekana kushuka au kudumaa, wenyeji hawakuacha kuzaa, ni wageni walioondoka.

Kuanzia 1964 wakaja wapigania uhuru, FRELIMO wa Msumbiji, ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia na wengine, wakaweka kambi. Halafu Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 70, kaya za Wagogo zikahamishiwa vijiji vya ujamaa, kwa hiyo mahali palipokuwa na watu kwenye Sensa ya 1967 unaweza kukuta peupe 1978 na pengine pakajaa. Na Kongwa zamani ilikuwa sehemu ya Mpwapwa, mipaka ikakatwa, sasa mtoto amempita mama, Mpwapwa 2022 ni 403,247. Ukilinganisha miaka bila kuangalia mipaka ya wakati huo unalinganisha vitu viwili tofauti.

Utaratibu wenyewe ni hivi. Tunahesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, 2022 ilikuwa kuamkia Jumanne tarehe 23 Agosti. Aliyelala gesti Kibaigwa kasubiri mahindi yake yapakiwe kahesabiwa Kongwa, na wewe mzaliwa wa Kongwa uliyelala Mbagala umehesabiwa Mbagala, hata kama karani alikufuata na kishikwambi chake siku tatu baadaye bado swali ni ulilala wapi usiku ule. Hatujakuibia uzawa wako. Karani anakula kiapo cha kutunza siri, akitoa taarifa za kaya yako ni kosa chini ya Sheria ya Takwimu Sura 351, na wewe ukikataa kujibu au ukidanganya makusudi ni kosa pia, adhabu ni faini au kifungo au vyote viwili.

Kuhusu kuchapisha namba naomba nieleweke vizuri. Marekebisho ya Sheria hiyo ya Takwimu ya 2018 yalifanya kupinga takwimu rasmi hadharani kuwa jinai, ya 2019 yakaondoa hilo. Kwa hiyo sikutishi mtu. Mtafiti anaweza kukusanya zake na kuzichapisha, ila aseme ni zake, asizibandike jina la sensa.

Kuna ile picha inayosambaa ya "asilimia ya makabila na dini Kongwa kwa mujibu wa Sensa 2022". Hiyo sijui niseme nini. Kabila na dini mara ya mwisho kuulizwa kwenye sensa yetu ni 1967! Dodoso la 2022 halina hilo swali, karani hakuuliza, kwa hiyo hakuna jedwali, hata ukija ofisini ukakaa mpaka saa kumi hatuna cha kukupa. Cha umri, jinsia, ukubwa wa kaya tunacho, njoo na jina la kata na mwaka wa sensa unaoutaka.