Kwa nini wapenzi wa riwayani hukosana karibu na mwisho?

Aliyekwisha soma riwaya kumi za mapenzi za Kiingereza cha siku hizi hahitaji ramli kuijua ya kumi na moja. Zikibaki robo ya kurasa, wawili waliokuwa wakipendana vizuri watakosana, aghalabu kwa ujumbe wa simu uliosomwa vibaya au maneno yaliyosikika nusunusu mlangoni. Kisha mmoja ataomba radhi, ikiwezekana mbele ya watu, na mambo yatakwisha kwa pete.

Maelezo yanayopendwa ni kwamba wachapishaji huwapa waandishi fomu, kazi ikabaki kubadilisha majina na mji. Shutuma hizi huelekezwa zaidi kwa Mills & Boon, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1908, na Harlequin ya Kanada, iliyoinunua mwaka 1971. Ni kweli kampuni hizi hutoa mwongozo, tena hadharani. Lakini mwongozo huo unataja mambo mengine: idadi ya maneno (mfululizo wa Harlequin Presents ni maneno 50,000), mazingira ya hadithi, na kiasi cha faragha ya chumbani kinachoruhusiwa. Haupangi wapenzi wagombane ukurasa gani. Ushahidi mzito zaidi uko kwa waandishi wanaojichapishia wenyewe mtandaoni. Hao hawana mhariri wa kuwapa fomu yoyote, na wahusika wao hukosana palepale.

Vipo vitabu vya kufundisha uandishi vinavyopanga hatua za hadithi moja baada ya nyingine, na wapo wanaovifuata neno kwa neno. Hata hivyo vitabu hivyo vilikuta desturi ipo. Pamela Regis, mhakiki wa fasihi aliyetaja mwaka 2003 sehemu nane za riwaya ya mapenzi, alizichota pia katika riwaya za karne zilizopita. Mojawapo ni kizuizi, yaani kile kinachowazuia wawili kuoana, na nyingine ni pale ambapo penzi linaonekana limekufa kabisa.

Tatizo liko kwenye kizuizi. Katika Jane Eyre ya Charlotte Brontë (1847), harusi inavunjika sura ya 26 kati ya 38, kwa sababu bwana harusi ana mke mwenye wazimu aliyefichwa ghorofa ya juu. Mazungumzo hayamtoi mke huyo. Mahakama za kawaida za Uingereza zilipata mamlaka ya kutoa talaka kwa sheria ya 1857, na wazimu usiotibika haukuwa sababu ya talaka hadi sheria ya 1937. Leo shauri hilo angelishughulikia wakili, na riwaya ingekosa nguzo yake.

Mwandishi wa hadithi ya London au Chicago ya leo hana sheria wala ukoo wa kuwatenganisha watu wazima wawili wenye mishahara. Wakati huohuo msomaji ameahidiwa mwisho mwema: chama cha waandishi wa aina hii nchini Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1980, kiliuweka ndani ya ufafanuzi wenyewe wa riwaya ya mapenzi. Sasa piga hesabu. Kitabu kina maneno 80,000, na utengano umewekwa kwenye asilimia 80 (hiki ni kipimo cha mazoea, wengine huuweka kwenye 75). Yamebaki maneno 16,000. Humo lazima viingie ugomvi wenyewe, siku za majonzi, rafiki wa kumzindua mmoja wao, radhi, kurudiana, na sura ya nyongeza yenye mtoto. Ni kama fundi cherehani aliyebakiwa na nusu mita ya kitambaa: ukimwomba kanzu atakushonea kofia. Kanzu anaijua, ila kitambaa hakifiki. Kizuizi kinachoweza kufunguka ndani ya nafasi hiyo bila kuacha kovu ni kimoja tu, kutoelewana.

Usimulizi wa zamu, sura yake kisha sura ya mwenzake, huongeza karaha. Msomaji amekwisha kusikia mioyo yote miwili ikikiri, kwa hiyo anatazama watu wazima wakilia kwa jambo ambalo yeye angelimaliza kwa sentensi moja.

Kabla ya kununua, soma sampuli, kisha andika kizuizi kwa sentensi moja. Kama mazungumzo ya dakika kumi yangekiondoa, unajua kitakachotokea. Jihadhari hasa na hadithi ya watu wanaojifanya wapenzi: imebeba uongo tangu sura ya kwanza, na uongo huo utapasuka mwishoni. Tafuta zile ambamo kila mmoja anataka kitu halali kisichopatana na cha mwenzake: mmoja anataka watoto na mwingine hataki, au kazi zao ziko nchi mbili. Utengano unaweza kuwapo hata humo, ila kurudiana kutamgharimu mtu kitu, na huwezi kubashiri ni nani atakayelipa.